Vazi Lililoanikwa Jumamosi

Aili Rautio alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa jambo moja. Msichana akithubutu kulikamua vazi lake la kuogelea mbele yake, kama mtu anayekamua tambara la kupigia deki, Aili alimkemea hadharani mpaka Kocha Lundeen mwenyewe, mwanamume mwenye sauti ya honi ya lori, akajifanya anasoma saa ya ukutani.

"We mtoto! Hiyo ni ngozi yako ya pili. Ngozi yako unaisokota hivyo?"

"Samahani, Bibi."

"Usiniombe mimi. Liombe vazi."

Wasichana walicheka, lakini hawakurudia. Kila aliyewahi kuogelea katika timu ya sekondari ya Larkin alizijua sheria za Bibi Aili kuliko alivyozijua za waamuzi. Suuza kwa maji baridi mara utokapo bwawani, dawa ya maji isilale kwenye nyuzi. Libonyeze ndani ya taulo. Lianike kivulini. Na joto ni mwiko: si mashine ya kukaushia nguo, si dirisha la gari, si bomba la kupashia nyumba. Joto linaua lastiki, na lastiki ikishakufa hakuna fundi wa kuifufua. Hayo alikuwa akiyasema kwa miaka ishirini na mitatu, tangu mwaka ule kiwanda cha makoti ya baridi kilipofungwa na mikono yake ikaanza kumwasha kwa kukosa kazi. Binti yake Leena alichana vazi lake wiki hiyohiyo, Aili akalishona, na wenzake Leena wakaja na ya kwao. Walipomaliza shule wakaja wadogo zao. Siku hizi walikuwa wanakuja mabinti zao. Kila Jumatatu kikapu cha nguo za timu kililetwa mlangoni kwake, na ukingoni mwa bwawa palikuwa na kiti cha kukunja kilichoandikwa jina lake kwa rangi ya buluu. Hakuna mwingine aliyekalia kiti kile, hata mkuu wa shule.

Mtu asiyejua atasema kushona ni kushona. Mwongo. Vazi la mashindano si kama lile la mazoezi. Limekaza hivi kwamba msichana huchukua robo saa kulivaa, akilipandisha kwa ncha za vidole, inchi kwa inchi, na mishono yake mingi haikushonwa bali imegandishwa kwa utepe. Fundi wa mjini atalitandaza mezani, ashone vizuri kabisa, na mwenye nguo akilivaa tu, uzi unakatika. Aili alilivisha kwanza kwenye chupa kubwa ya achari, likavutika kama linavyovutika kwenye paja, ndipo akatia sindano yenye ncha butu inayosukuma nyuzi pembeni bila kuzikata. Hakufundishwa na mtu. Aliharibu sita kabla ya kugundua.

Na kulikuwa na desturi. Msichana anayemaliza shule hakuondoka na vazi lake la mashindano. Alimwachia mwenzake anayebaki, na Aili alitia herufi za jina la anayeondoka kwa uzi mwekundu, ndani ya pindo la paja, mahali ambapo mvaaji peke yake anapajua. Mavazi hayo yalivaliwa mara mbili tatu kwa msimu, kwa hiyo yalidumu. Lile la Maren Zupancich lilikuwa na majina matatu tayari. Maren alikuwa mwaka wake wa mwisho, muogeleaji wa mtindo wa chura, na mwaka uliotangulia alikuwa wa tatu katika kanda. Wawili wa kwanza ndio huenda fainali za jimbo. Wa tatu huenda nyumbani.

Sasa niseme jambo ambalo Aili hakulisema kwa mtu yeyote. Siku zilikuwa zimeanza kumpotea.

Si majina ya watu wala njia ya kanisani. Siku tu. Aliamka asubuhi na haikuwa siku yoyote. Basi akajitengenezea ujanja. Kikapu kikija, ni Jumatatu. Gari la taka likinguruma, ni Jumanne. Jumatano wanakwaya walimpitia. Alhamisi gazeti. Ijumaa harufu ya samaki wa kukaanga kutoka baa ya kona ilimfikia mpaka jikoni. Jumamosi ilikuwa siku ya sauna, kuoga mvuke wa moto kibandani, na mumewe Reino hakuwahi kuikosa sauna ya Jumamosi tangu alipozaliwa, hata siku ya harusi yao. Leena, ambaye sasa anaishi mjini Minneapolis na ana maoni juu ya kila kitu, alimletea mama yake saa kubwa inayoandika jina la siku. Aili alimshukuru, akaifungia kwenye droo ya mataulo ya vyombo.

Maren alilichana vazi Alhamisi, mwanzoni mwa Novemba, akiwahi mbio. Kucha ya kidole gumba iliingia karibu na nyonga na ikaacha tundu la urefu wa njegere mbili. Ijumaa baada ya mazoezi akaja mbio hadi kwa Aili, nywele zimeganda barafu.

"Bibi, niue tu."

"Nitakuua baadaye. Lete." Aili alilipeleka dirishani, akaingiza vidole. "Kucha, sivyo?"

"Nilizikata, naapa!"

"Ulizikata kwa meno. Naona kidole hicho." Akacheka. "Kaa unywe kahawa. Fainali ya kanda lini?"

"Ijumaa ijayo. Bibi, mwaka huu nafika jimbo. Najisikia mwilini. Ila bila hili sifiki."

Haya hayakuwa maneno ya kitoto. Katika yadi mia za mtindo wa chura, vazi linalobana vizuri linampa msichana nusu sekunde hivi, na nusu sekunde ndiyo iliyokuwa imemrudisha nyumbani mwaka jana. Aili alilijua hilo kuliko Maren. Akalishona jioni ile kwenye chupa ya achari, mishono ishirini na miwili, kazi safi kama yoyote aliyowahi kufanya. Asubuhi akalisuuza kwa siki ili ilainishe nyuzi, akalibonyeza kwenye taulo, akatoka nalo uani.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akianika nguo za timu ndani ya sauna. Hakuna mahali pazuri zaidi: kibanda cha mbao upande wa kaskazini wa nyumba, giza, baridi, hewa inapita, jua haliingii. Kati ya Jumapili na Ijumaa ni kaburi la baridi. Alilitundika kwenye ufito juu ya benchi la juu kabisa, akafunga mlango. Maren alikuwa amemletea nguo jana, na nguo huletwa Jumatatu, kwa hiyo leo ilikuwa Jumanne. Wala hakuifikiria hesabu hiyo. Ilijifikiria yenyewe.

Asubuhi ile Reino alikuwa msituni tangu kabla ya mapambazuko kwa sababu msimu wa kulungu ulikuwa umefunguliwa. Alirudi saa nane mchana na koti lake la kuwindia la rangi ya machungwa, hana kulungu ila ana hadithi. Jiko la sauna yao huchochewa kutoka chumba cha nje, huhitaji kuingia ndani. Akalijaza magogo ya mbetula, akawasha, akaingia nyumbani kulala kwenye kiti. Aili alikuwa chini kwenye ghala, akipanga mitungi, wala moshi hakuuona.

Saa kumi na moja alimsikia akiita kutoka uani.

"Aili! Umenitundikia soseji humu? Mbona nyeusi?"

Alipotoka, Reino alikuwa amesimama mlangoni mwa sauna na taulo kiunoni, ameshika vazi la Maren kwa vidole viwili. Mvuke ulikuwa unamtoka mabegani. Alikuwa anatabasamu bado.

"Lakini leo ni Jumanne," Aili alisema.

Tabasamu la Reino lilipungua taratibu. Alitazama miguu yake, halafu koti la machungwa lililokuwa kwenye msumari.

"Leo Jumamosi, mama. Si nimetoka kuwinda."

Aili alimpokonya vazi. Lilikuwa na joto kama mkate. Kwa macho halikuwa na dosari hata moja, jeusi, laini, mishono yake ishirini na miwili imetulia, na hilo ndilo lililomtisha.

"Usimwambie Leena," alisema.

"Simwambii."

"Wala Lundeen."

 Reino ni mtu mzito wa maneno hata siku za furaha. "Na yule mtoto je?"

"Nitalishona."

"Aili..."

"Nimesema nitalishona!"

Jumapili baada ya kanisa alilivisha kwenye chupa. Lilipita kirahisi mno. Alipolivua, halikurudi, lilikaa limelegea kama soksi iliyovaliwa mwezi mzima. Akaligeuza ndani nje. Utepe wa mishono ulikuwa umeanza kubanduka pembeni kwa urefu wote wa mapaja, pale hasa ambapo mguu wa chura unafunguka na kupiga. Alikaa akiutazama mpaka kahawa ikapoa. Angemwambia yeyote kati ya wale wasichana, bila kumumunya: tupa hili, tafuta jingine. Badala yake akachukua uzi, akaanza kushona juu ya utepe kwa mkono, mishono midogo kama punje za ulezi, Jumapili yote na Jumatatu mpaka mchana. Kila mshono ulikuwa uongo mdogo, na alijua hivyo, na aliendelea.

Maana alijua pia kitakachofuata akisema. Lundeen ni mtu mwema. Angesema pumzika kidogo, Bibi. Kikapu kingeenda kwa mwingine. Leena angesikia, angeendesha gari kwa saa nne nzima akiwa na karatasi za nyumba za wazee mkobani. Na saa ile ya kwenye droo ingetundikwa ukutani, mchana na usiku ikimwambia. Alikuwa anaogopa, basi. Sijui neno jingine la kulipamba.

Jumatatu Maren alikuja na kikapu.

"Baba amesema nikifika jimbo atanyoa ndevu. Zote!"

"Rudy anyoe? Mji huu haujawahi kuona kidevu chake."

"Mama anasema hajawahi hata yeye." Maren alilipokea vazi, akalifunua, akatafuta tundu asilione. "Bibi, wewe ni mchawi." Akalisogeza puani. "Mh. Linanuka sauna."

"Nyumba hii kila kitu kinanuka sauna. Na mimi nanuka sauna."

"Litashika?"

Kulikuwa na nafasi pale, pana ya kutosha kupitisha gari. Aili aliiona. "Litashika," alisema, na akamkatia kipande cha mkate wa kokwa za jozi.

 Siku moja wiki ile, gari la taka lilipokuwa limeshapita, alimpigia simu Lundeen. Akapokea mwenyewe: "Naam, Bibi, kuna nini?" Neno alilopigia akaliacha. Akauliza basi la timu litaondoka saa ngapi. "Saa tisa, kama miaka yote," Lundeen alisema, wakaagana. Reino alikuwa amekaa mezani akichonga kijiti kisichokuwa na kazi. Hakumuuliza alikuwa anapigia nani.

Alhamisi, kwenye mchujo, Maren aliogelea na nguo ya kawaida ya timu, ndiyo desturi, vazi la mashindano huwekewa fainali. Akaingia wa nne.

Ijumaa bwawa la kanda lilijaa. Aili alikaa kwenye kiti chake ukingoni, kopo la sindano magotini, masikio yamejaa filimbi na kelele za wazazi. Nusu saa kabla ya mbio wasichana wakamwita chumba cha kubadilishia nguo. Hilo nalo lilikuwa kazi yake, miaka yote: wawili huvuta mapaja, mmoja hukaza kiuno, na mikanda ya mabegani hupandishwa na Bibi Aili peke yake, kwa bahati njema.

Wavutaji walikuwa wamejiandaa kutoka jasho. Vazi likapanda kwa dakika nne.

"Eh! Maren umekonda?" mmoja alisema.

"Ni njaa ya ushindi," Maren akajibu, na wote wakacheka. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Aligeuka ampe Aili mgongo. "Haya Bibi, nifunge."

Aili alipandisha mkanda wa kwanza. Akapandisha wa pili. Alipolipitisha dole gumba chini ubavuni kulaza mshono, alisikia utepe ukiachia chini ya mishono yake, tik, tik, tik.

"Limeshika?" Maren aliuliza.

"Limeshika."

Msichana akatoka. Aili alibaki kwenye benchi lenye maji, kopo mkononi. Kupitia mlango aliweza kumwona Maren akijinyoosha nyuma ya vijukwaa vya kurukia majini, akichuchumaa na kuinuka, akichuchumaa na kuinuka, akipunga mkono kwa baba yake mwenye ndevu jukwaani. Akichuchumaa mara ya tatu, mstari mweupe ulitokea pajani, mwembamba kama uzi. Maren hakuuona. Angeuona akiwa katikati ya maji, katika teke la nne au la tano, mbele ya kanda nzima.

Aili aliinuka. Alisukuma watu ambao hakuwahi kuwasukuma maishani mwake.

"Vua," alisema.

"Nini?"

"Vua hilo. Vaa la timu. Zimebaki dakika kumi na mbili, wahi."

"Bibi, unaumwa?"

"Limeungua. Nililianika kwenye sauna, Reino akawasha moto." Akamwonyesha pajani. "Nilisahau kwamba ni Jumamosi. Limekufa, Maren. Litapasuka ukipiga mguu."

Maren alitazama pajani mwake, akauona ule mstari. Uso wake ukabadilika rangi mara mbili.

"Jumamosi ipi?"

"Ile ya baada ya kuniletea vazi. Kesho yake."

"Kwa hiyo Jumatatu ulijua." Hakuwa anapiga kelele. Afadhali angepiga kelele. "Nilikuuliza litashika. Nimekuuliza sasa hivi pia. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniachia nivae."

Lundeen alikuwa amefika, ubao wake wa kuandikia kifuani. Alikuwa amesikia ya kutosha. Alimshika Maren bega, akamgeuza kuelekea chumba cha nguo, wenzake wawili wakamkimbilia. Halafu akabaki na Aili, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alizungumza kwa sauti ndogo.

"Ungeniambia Jumatatu, Bibi, ningempatia jingine ifikapo Jumatano. Lile la binti wa Hultgren ni saizi yake. Liko kabatini, shuleni. Maili sitini kutoka hapa."

Akageuka kuelekea bwawani.

Maren aliogelea na nguo ya timu, mbichi bado kutokana na mazoezi ya kupasha mwili, iliyovaliwa kwa haraka, mkanda mmoja umejikunja. Aliogelea kama mtu mwenye hasira, na kwa urefu mmoja wa bwawa, ule wa tatu, alikuwa wa kwanza. Ubao wa matokeo ulipowaka, jina lake lilikuwa la tatu. Kati yake na wa pili ilikuwa sekunde sufuri nukta moja moja. Alishikilia kamba ya njia yake, uso majini, mpaka mwamuzi akamgusa bega atoke.

Kurudi Larkin ni mwendo wa saa moja na dakika kumi kwa basi. Aili alikaa kiti cha mbele, mahali pake. Hakuna aliyemsema. Mtu alimpitishia biskuti kutoka nyuma na ikawa lazima aipokee. Nyumbani, Reino alipofungua mlango, alimtazama usoni mara moja, akamvua koti kama anavyovuliwa mtoto.

"Umesema?"

"Nimesema. Nimechelewa kusema."

Kesho yake akampigia Leena mwenyewe, akamweleza yote, na Leena badala ya kutoa maoni alilia. Hilo hakulitegemea.

Baada ya hapo kikapu hakikuja. Msimu unapoisha wasichana huleta kila kitu kikaguliwe kabla ya kuwekwa, ni mzigo mkubwa kuliko wote wa mwaka. Aili alikuwa amesafisha meza, ameosha chupa ya achari, amepanga nyuzi. Akasubiri. Kwa kuwa kikapu hakikuja, Jumatatu nayo haikuja, na siku zote zinazoifuata zikateleza kama shanga zilizokatikiwa uzi. Gari la taka lilipita, au lilikuwa la wiki nyingine. Alianza kukaa dirishani asubuhi. Reino alimletea kahawa, akamtajia siku kwa kuzungukazunguka, "Leo wanakwaya wanakuja, eh?", na yeye aliitikia kwa hasira, kwa sababu alijua anachofanyiwa.

Halafu asubuhi moja lango likalia, na Maren akaingia uani. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi. Reino, aliyekuwa anapasua kuni nyuma ya kibanda, alisimamisha shoka, halafu akaendelea.

Maren hakukaa alipokaribishwa. Alilitoa vazi lile jeusi, akaliweka mezani. Lilikuwa limepasuka pajani kwa kuvuliwa haraka, na lilikuwa bado na dawa ya maji, linanuka.

"Bado nimekukasirikia, Bibi," alisema. "Nataka ujue hivyo kwanza."

"Najua."

"Mama anasema nije nikwambie nimekusamehe. Sijaja kwa hilo."

"Umekuja kwa nini basi?"

Maren aligeuza pindo la paja, akaonyesha zile herufi nyekundu, jozi tatu. "Mimi ndiye wa mwisho kulivaa. Nataka na jina langu liwepo."

"Mwanangu, hili halitavaliwa tena na mtu."

"Najua hilo. Tia tu."

Aili alivaa miwani. Alilivisha pindo kwenye chupa kwa mazoea, ingawa halikuhitaji tena kuvutwa, na akatunga uzi mwekundu mara ya tatu ndipo ukaingia. M ilimchukua muda. Z akaifanya kwa mishono mitatu. Maren alikuwa amekaa hatimaye, mikono katikati ya magoti, akiangalia vidole vya bibi yule. Alipomaliza, Aili akaushona pia ule mpasuko wa pajani, kwa sababu hakuweza kuacha nguo imepasuka mezani kwake. Kisha akalipeleka kwenye sinki, maji baridi, tone la siki, akalibonyeza ndani ya taulo bila kulikamua.

Akalichukua mkononi, akaelekea mlango wa nyuma. Aliushika mshikio. Nje, kibanda kilikuwa kimetulia, bomba la moshi halitoi kitu. Maren amekuja na nguo, kwa hiyo ni Jumatatu, na Jumatatu sauna ni baridi mpaka mwisho wa wiki. Hesabu ilikuwa inajifikiria yenyewe, laini, bila kukwama popote.

Mkono wa Aili ukabaki pale kwenye mshikio. Alihisi aibu ikimpanda shingoni kama homa. Miaka miwili alikuwa amezunguka, amechungulia, amenusa, amesikiliza magari ya taka, ili asiseme maneno haya kwa mtu hata mmoja.

"Maren," alisema bila kugeuka. "Leo ni siku gani?"

 Uani shoka lilipiga, likapiga tena.

"Jumamosi, Bibi," alisema. "Leo ndiyo fainali za jimbo."

Aili aliachia mshikio wa mlango. Alirudi na vazi mezani, na Maren alikuwa ameshasimama, anamtandikia taulo kavu kwenye mgongo wa kiti, upande wa dirisha la kaskazini, mbali na jiko.